Hodi kwa Asiye na Mlango

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umepata kamera, na kwamba kazi ya kwanza unayotaka kuifanya nayo ni picha za watu wanaolala nje: Kariakoo, Mnazi Mmoja, Posta, mpaka kule Feri. Ameniambia pia kwamba unataka kwenda usiku, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Kazi yenyewe sikukatazi. Kamera ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto, ningekuwa mtu wa ajabu kumnyima mwingine. Ila kuna mambo hayamo kwenye kile kitabu cha maelekezo, na ni afadhali uyasikie kwa mjomba wako kabla hujayasikia kwa mtu aliyekukunja shati.

Ukija kwangu unasimama nje unapiga hodi. Nisipoitika unarudia, na ya tatu ikipita kimya unageuka uende zako, hata kama umesikia redio ndani. Hakuna aliyekufundisha hilo darasani, umelikuta kwetu. Sasa yule bwana aliyetandika boksi kwenye kibaraza cha fremu ya vitambaa pale Kariakoo hana mlango. Hana dirisha wala pazia. Anavua viatu, anakula, anapiga mswaki, anagombana na mwenzake, yote mbele za watu. Kukosa kwake mlango ndiko kunakowafanya wewe na kamera yako mdhani mmekaribishwa. Utasema mtaa ni wa wote, na kweli ni wa wote. Lakini pale alipotandika ni chumba chake mpaka alfajiri, na hodi unadaiwa vilevile. Kizingiti utakiweka mwenyewe: hatua tano sita kabla ya kumfikia unasimama, unasalimia, unangoja. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo. Usiimeze shikamoo kwa sababu mtu amelala chini. Wapo wazee pale wana miaka hawajaamkiwa, na utaona mwenyewe mtu anavyojiweka sawa akiisikia.

Aliyelala hajibu hodi, kwa hiyo hapigwi picha. Hapo sina maelezo mengi. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark ambaye naye aliwahi kulala nje New York, alikuwa akiingia usiku kwenye vyumba vya walala hoi na unga wa kulipua mwanga. Watu waliamshwa na mlipuko na moshi, naye keshaondoka. Ameandika mwenyewe kwamba safari moja alisababisha moto kwenye nyumba alimokuwa akiwapiga picha ombaomba vipofu. Kitabu chake cha mwaka 1890 kilisukuma mabadiliko makubwa katika nyumba za maskini wa mji ule, na sifa hiyo simnyimi. Lakini ziangalie zile sura kwa makini. Nyingi ni sura za watu walioshtuliwa, na dunia ikazipokea kana kwamba ndivyo walivyo siku zote.

Kwa hiyo usiku wako uanze saa kumi na moja jioni, wakati watu wanakusanyika, maduka hayajafungwa, na kila mtu anakuona ni nani. Siku ya kwanza kamera ikae kwenye begi. Najua utaona ni kupoteza muda. Kaa kwa mama ntilie, agiza wali maharage, watu wakuzoee. Usipopiga picha hata moja hiyo jioni, umefanya kazi.

Ukikaa nao utasikia jambo ambalo mpita njia halisikii kabisa: nyumbani hawajui. Kuna kijana mmoja mbeba mizigo nilimfahamu maeneo ya Msimbazi. Alikuwa na shati jeupe moja, analifunga kwenye mfuko wa plastiki na kumwachia mlinzi wa duka. Lilikuwa shati la picha. Kila baada ya muda alilivaa, akalichomekea, akaenda Posta kusimama mbele ya jengo la vioo, akaomba mtu ampige picha kwa simu, akaituma kwa mama yake pamoja na chochote alichopata mwezi huo. Kwao anajulikana ana kazi Dar. Na hakuwa mwongo, kazi alikuwa nayo. Alichokosa ni chumba. Chumba cha elfu hamsini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: laki tatu. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja juu yake. Mtu anayepata elfu saba leo na kesho akakosa, laki tatu na nusu anaikusanyaje, na anaiweka wapi usiku akiwa amelala kibarazani?

Sasa fikiria picha yako. Umemkuta kajikunja kwenye boksi, mwanga wa taa ya barabarani umempiga shavuni, picha nzuri kabisa, huwezi kusubiri asubuhi. Inapata watu elfu ishirini. Mmoja wao ni binamu yake, na ndani ya saa moja imeingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Picha yake mwenyewe, ile ya shati jeupe, ambayo imemgharimu nauli na heshima, umeifuta. Watu hudhani anayelala nje hana cha kupoteza. Huyu alikuwa na mama anayelala usingizi kwa amani, na wewe ndiye uliyeuondoa usingizi huo.

Wanawake ndio zaidi. Anayelala nje na mtoto mara nyingine kamkimbia mtu, na mtu huyo bado anamtafuta. Usionyeshe sura, usionyeshe bango la duka, zima kile kitu kinachoandika mahali picha ilipopigwa. Hata kwa wanaume, mahali pa kulala usipataje. Mimi nilikuwepo mwaka 1983, ile Nguvu Kazi, watu walipokuwa wakikamatwa mitaani Dar na asiye na kitambulisho cha kazi akipakiwa kupelekwa vijijini na mashambani. Tangu siku zile nimeona misako ikija kwa majina mengine, mgambo wakishuka kwenye gari na fimbo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Maoni mazuri. Lakini mgambo wa saa nane usiku hajayasoma, na picha yako yenye bango la mtaa ni ramani anayoielewa vizuri sana.

Tuje kwenye kusikiliza, maana hapo ndipo nakuonea wasiwasi kuliko kwenye kamera. Vijana wa siku hizi mnauliza kama polisi. Swali la kwanza huwa ni lilelile: ilikuwaje ukafika hapa? Ukiuliza hivyo utapewa hadithi ya wafadhili. Kila mtu aliyekaa mtaani ameshahojiwa na mashirika, makanisa, misikiti, wanafunzi wa chuo, na anajua ni simulizi gani inatoa blanketi na ipi inatoa mawaidha. Atakupa ya blanketi. Usimwite mwongo kwa hilo. Hadithi yake ndiyo mali pekee aliyobaki nayo, na hata wewe mshahara wako humtajii kila anayeuliza.

Muulize ya leo. Usiku choo unakwenda wapi? Masika ikipiga mnahamia upande gani? Simu unachajia kwa nani? Mzigo mchana unauacha wapi? Haya anayajua kuliko wewe, kwa hiyo anakuwa mwalimu wako, na mazungumzo yanakaa sawa. Utajua kwamba kibaraza kina masharti: kukifagia kabla mwenye duka hajafika, kutokuleta wageni, kumsalimia mlinzi na kumnunulia sigara mojamoja. Utajua kwamba blanketi linalala mchana nyuma ya meza ya mama ntilie, na mama ntilie huyo akihama, watu wanne wanahama naye. Mji una uongozi mzima usiouona kwa sababu hujawahi kulala nje.

Na utakutana na fundo ambalo nadhani lingefaa picha zako kuliko mikunjo ya sura ya mzee yeyote. Ili upate barua ya serikali ya mtaa lazima uwe mkazi wa mtaa, ujulikane na mjumbe. Mjumbe anajua nyumba. Asiye na nyumba hana mjumbe, asiye na mjumbe hana barua, asiye na barua anasumbuka kupata kitambulisho cha taifa. Bila namba ya NIDA hasajili laini kwa alama ya vidole, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kwa hiyo anatumia laini yenye jina la mtu mwingine, na hela akitumiwa zinakwenda kwa jina la mtu mwingine. Huwezi kuliona jambo hili kwa lenzi hata uwe na lenzi ya milioni tano. Linasemwa tu, polepole, na mtu aliyeona kwamba huna haraka.

Kwa hiyo usiwe na haraka. Usimmalizie sentensi. Akinyamaza, nyamaza. Usirekodi sauti kwa kificho, simu iweke wazi katikati yenu na useme inarekodi. Usimshauri aache pombe, hakukuita kwa hilo. Na usiahidi. Ukisema nitarudi Jumamosi, Jumamosi yupo pale anakungoja, pengine ameacha kibarua.

Kuna mfano mmoja wa zamani nataka uubebe, kwa sababu unauona kila mahali bila kujua mwisho wake. Machi 1936, Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kwenye kambi ya wachuma njegere, kakaa chini ya turubai, watoto wawili wamemwegemea mabegani wameficha nyuso, kachanga mkononi. Lange alikuwa ameajiriwa na serikali kuonyesha hali ya wakulima waliopoteza mashamba. Alipiga picha chache, akaondoka baada ya dakika kama kumi. Baadaye aliandika kwamba hakumuuliza jina wala historia yake. Picha ikatoka gazetini, serikali ikakimbiza vyakula kambini, maelfu ya kilo. Mama yule na wanawe walikuwa wameshaondoka, hawakuonja.

Jina lake likaja kujulikana mwaka 1978, gazeti la Modesto lilipomkuta, mzee, anakaa kwenye nyumba ya trela: Florence Owens Thompson, mwanamke wa asili ya Wacherokee. Kwa zaidi ya miaka 40 uso wake umekuwa alama ya umaskini wa Marekani na yeye hajapata hata senti. Alisema angependa asingepigwa ile picha. Na liko dogo ambalo mimi ndilo linaloniuma. Katika maelezo yake Lange aliandika kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ile. Mwanawe mmoja alikanusha: matairi ya kuuza hawakuwa nayo, waliyokuwa nayo ndiyo yaliyokuwa chini ya gari, na wakayatumia kuondokea. Gari lilikuwa limeharibika, wanaume wamekwenda mjini kwa ajili ya matengenezo, wao wamekaa wanawangoja. Basi. Watu waliosimama kidogo njiani wamegeuzwa watu waliofika mwisho. Lange alikuwa fundi, tena mtu mwenye huruma. Hakuna anayebisha hilo. Alikosa robo saa ya kuuliza.

Kwa hiyo maelezo ya picha yako uyaandike pamoja na mwenyewe. Msomee. Muulize anataka aitwe nani, na akitaka jina la bandia mpe. Usiandike teja, usiandike chokoraa, wala usiandike ombaomba kwa mtu anayebeba magunia tangu alfajiri. Andika anachofanya na anachosema.

Mwingine wa kumsoma ni Mary Ellen Mark. Mwaka 1983 alikwenda Seattle kupigia jarida la Life picha za watoto wa mitaani, akamkuta msichana wa miaka 13 aliyejulikana kwa jina la utani Tiny. Hakumwacha pale. Alirudi na kurudi, Tiny akazaa, akazeeka usoni, watoto wakawa wengi, na Mark aliendelea kumpiga picha mpaka mwenyewe alipofariki mwaka 2015. Sikwambii umuige katika yote. Sura za watoto, kwa kazi kama yako, mimi nasema hapana. Mtoto wa mtaani hawezi kukupa idhini, na aliyekuwa na haki ya kuitoa hayupo. Ukitaka kazi ya watoto pitia kwa afisa ustawi wa jamii, piga mikono, migongo, mpira wa chandimu wanaoucheza, uache nyuso. Lakini huko kurudi kwa Mark, kurudi tu bila sababu ya jarida, huko ukuige.

Na idhini ya mtu mzima nayo ina mitego. Usiombe picha ukiwa umeshika chakula, maana mwenye njaa hawezi kukwambia hapana. Aliyelewa au aliyevuta gundi hajakubali, hata akikuchekea na kukuwekea pozi. Mwonyeshe kwenye kioo cha kamera, mwambie inakwenda wapi kwa jina: maonyesho, gazeti, ukurasa wako. Wengi wanakubali gazeti na kukataa mtandao. Wanajua gazeti linafungiwa maandazi kesho yake.

Usiniambie sheria haipo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Wenzetu Kenya wana yao ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wao wa taarifa binafsi iliitoza shule moja Sh4,550,000 za kule kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Mteja wa baa alijua pa kulalamikia. Yule wa kibarazani hajui, na wewe unajua kwamba hajui. Hapo ndipo nitakupima.

Mambo ya kamera nitayapita haraka, utajifunza mwenyewe. Chuchumaa. Picha ya mtu aliyekaa chini, iliyopigwa na mtu aliyesimama, inamwonyesha jinsi mgambo anavyomwona. Lenzi ndefu iache nyumbani, ni ya wanyama wa Mikumi na ya wezi. Na ile tabia ya kugeuza kila kitu kuwa nyeusi na nyeupe, kisha kukaza mpaka kila kunyanzi liwe korongo, mimi siipendi hata kidogo. Inamfanya mtu awe mwamba. Watu wa kibarazani wanavaa jezi za Simba na Yanga, wana vikombe vya plastiki vya rangi ya machungwa, wana kanga. Rangi zao waachie. Wanacheka pia, tena sana, hasa jirani yao anapoota na kusema usingizini.

Kuhusu wale wanaogawa mkate huku mwenzao anarekodi, muziki wa huzuni unawekwa baadaye: hao wanatafuta kiki. Ukitaka kugawa mkate gawa, kamera ikiwa kwenye begi.

Utaniuliza kama ulipe. Wenye magazeti wanasema hapana kabisa, wana sababu zao. Mimi nasema chai mnayokunywa pamoja si malipo, ni chai. Picha ukiiuza, mwenye sura apate chake, na mkubaliane kiasi kabla, si baada. Picha ya karatasi mpelekee kila mtu, hata uliyempiga na hukuitumia. Usishangae wengi wakikuomba paspoti saizi badala ya zile zako za kisanii. Zinahitajika kwenye ile barua ya mtaa. Beba kitambaa cha bluu cha kuning'iniza nyuma, wapige, wapelekee nne nne. Waulize watazihifadhi wapi, na asiye na pa kuziweka, ziache kwa mama ntilie zisilowe.

Na ikitokea mtu amekukubalia jana, leo akabadilika akasema ifute, usimkumbushe ya jana. Ifute mbele yake, naye anaangalia. Kama ni simu, ingia pia kwenye lile folda la vilivyofutwa, maana picha inakaa humo siku nyingi ikingoja kurudishwa. Mwonyeshe kwamba na humo haimo.

Nisalimie mama yako. Mwambie usiku huendi.

Mjomba wako